Babu Aliyekuja na Fremu

Kisiwa hakioti watu. Hilo kila mtu analijua, ila ukilisema kwa sauti utatafutwa. Kila mzaliwa wa pale ana babu aliyeletwa na chombo, akashuka gatini na mzigo kichwani, suruali imelowa mpaka magotini, anauliza choo kiko wapi. Hakuna aliyechipuka. Lakini kaa nao kidogo tu, utasikia "sisi ndio wenyewe" na "wale wamekuja juzi," na ukiuliza hiyo juzi ni lini, utaambiwa ni ile meli ya pili. Ugomvi wote wa kisiwa kile, tangu enzi na enzi, ni nani alishuka kwanza na nani alishuka akiwa na viatu.

Ndiyo maana Chama cha Kuhifadhi Asili kilipoanzishwa, watu walijitolea mpaka wakapigana vikumbo mlangoni. Usidhani ni mapenzi ya historia. Kila mmoja alikuwa anawahi kuiandika kabla jirani yake hajaiandika. Na uzuri wa kazi ya kujitolea ni kwamba hulipwi, kwa hiyo hakuna wa kukufukuza.

Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu, mzee wa miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutishia watu. Maisha yake yote alizunguka madukani akigonga muhuri kwenye mizani, na alipostaafu mkono ukabaki unawasha. Katibu alikuwa mke wa mfamasia, dada mmoja maridadi aliyewahi kuhudhuria semina ya uhifadhi huko ng'ambo, semina fupi tu, lakini tangu arudi hashiki kitu bila glovu nyeupe. Hata chai ya kikao aliinywa na glovu zake.

Halmashauri iliwapa ghala la zamani la barafu. Kuta nene, dirisha hakuna, na mlango ukijifunga lazima aliye nje akuonee huruma. Mwenyekiti alisema humo kumbukumbu hazitaoza. Wanachama wakawa wanatoka kwenye vikao wakipiga chafya, wakiamini ni vumbi la historia.

Miongoni mwao alikuwepo Mama Pindo, fundi cherehani, mjane, mwenye binti mmoja na mama mzee mmoja, wote wanamtegemea yeye. Jina hilo alipewa kwa sababu ukipita mbele ya kibanda chake na nguo yoyote, hata kama ni mpya kabisa, atakuita: "Njoo hapa, pindo lako limekwenda upande." Chamani walimpa kazi ya kushona mapazia na vitambaa vya meza. Akaifanya bila kunung'unika, maana alikuwa na lake jambo. Alikuwa na picha ya babu yake.

Na alikuwa bwana wa maana haswa. Koti, tai, nywele zimechanwa upande, kofia kaishika mkononi, anatabasamu kama mtu aliyelipwa mshahara wote bila makato. Alikuwa amening'inia juu ya cherehani tangu Mama Pindo akiwa mtoto. Shuleni walipomtania kwamba kwao ni watu wa kuja, alirudi nyumbani, akasimama chini ya ile picha, akaitazama, akapata nguvu za kwenda kumpiga mtu. Mtu mwenye koti kama lile, alijiambia, hakushuka gatini amelowa.

Kamati ilimpokea bwana huyo kwa shangwe. Akatundikwa kwenye Ukuta wa Waanzilishi, katikati kabisa, na kibandiko chini: MZEE WA KWANZA KUJULIKANA. Siku hiyo Mama Pindo alitembea mtaani kana kwamba koti amelivaa yeye. Hakumsalimia mwenye nyumba za kupangisha mpaka aliposalimiwa kwanza.

Basi, furaha ile ilidumu mpaka Jumanne, mwoka mikate alipoingia ghalani na picha ya baba yake ndani ya mfuko wa unga.

Huyu mwoka mikate hakuwa mtu baki. Alikuwa mwanamume mkubwa, mpole, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili, na alikuwa karibu kuwa mkwe. Mwanawe, fundi friji, alikuwa amemposa binti wa Mama Pindo, yule anayekata tiketi za kivuko. Siku ilikuwa imepangwa. Gauni lilikuwa limening'inia kwenye kibanda cha Mama Pindo, mikono bado, na kila mteja alikuwa lazima aambiwe asiliguse.

Katibu alifungua mfuko kwa glovu zake, akatoa fremu, akapangusa unga. Akatazama ukutani. Akatazama mkononi. Koti lile lile. Kofia ile ile. Tabasamu lile lile la mshahara.

"Huyu ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Baba yangu," akasema mwoka mikate. "Alisafiri mimi nikiwa tumboni, hakurudi. Marehemu mama alinionyesha uso wake hapa. Ndiye huyu ninayemjua."

"Na huyo wa ukutani?"

"Babu yangu," akasema Mama Pindo. "Mzaa mama."

Mtu mwenye akili timamu angesema, jamani, hapa pana kitu, hebu tuulizane taratibu. Mwenyekiti alivua miwani ya kutishia, akavaa ya kusomea, na macho yalikuwa yanamlengalenga machozi ya furaha.

"Ndugu wanakamati," akasema, "utafiti umezaa! Bwana huyu alikuwa na nyumba mbili, na kisiwa kizima hakina habari!"

"Hata fremu zimefanana," Katibu akaona.

"Lazima zifanane! Mwanamume mwadilifu hapendelei. Kila nyumba kaipelekea fremu yake."

Mwoka mikate, maskini, yeye alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole. "Kama ni baba yangu mimi na ni babu yako wewe," akamwambia Mama Pindo, "basi mama yako ni dada yangu. Wewe ni mpwa wangu. Mwanangu ni binamu yako. Na kwa binti yako, mwanangu ni..." Akaishia hapo, kidole hewani.

"Mjomba," Katibu akamalizia, mwepesi huyo. "Bwana harusi ni mjomba wa bibi harusi." Na akaliandika kwenye muhtasari.

Ndivyo kijana wa watu alivyotoka kwao asubuhi akiwa mchumba na kurudi jioni akiwa mjomba, kwa azimio la kamati, lililopendekezwa na kuungwa mkono. Mwenyekiti alisema chama hakiwezi kuhifadhi asili kwa mkono mmoja na kuivuruga kwa mwingine. Undugu ungetangazwa rasmi Jumamosi, siku ya ufunguzi, mbele ya mgeni rasmi, na uchumba ungevunjwa papo hapo, kwa amani, na picha zipigwe.

Fundi friji alikuja jioni ile ile. Alisimama kizingitini, bisibisi mfukoni, hajui kama aingie kama zamani au abishe hodi kama mkubwa. Binti akamtazama.

"Shikamoo, mjomba," akasema, akaanza kucheka.

"Marahaba," yule kijana akajibu kwa mazoea, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kicheko cha binti kiligeuka kilio, akakimbilia chumbani, akapiga komeo. Fundi friji akabaki anaomba msamaha kwa mlango. Mama Pindo alilitazama gauni lisilo na mikono, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamkasirikia babu yake.

Akamwendea mama yake. Bibi alikuwa amekaa mahali pake dirishani, anapanga vifungo kwenye makopo kwa kupapasa, maana macho yalishamwacha.

"Mama, babu alikuwa na mke mwingine?"

"Babu yupi?"

"Babu wa ukutani."

"Aa, yule?" Bibi akatia kifungo kwenye kopo. "Mambo ya nyumbani kwake siyajui. Yule alikuja na fremu."

Mama Pindo akakaa kitako sakafuni, pale pale, kwenye vipande vya kitambaa.

"Alikuja na fremu vipi, mama?"

"Fremu zilikuja dukani kwa muuza vioo, boksi zima. Kila moja na mtu wake ndani, wa kuonyesha picha inakaaje. Nikanunua, nikasema nitatia kitu. Sikuwa na kitu cha kutia." Bibi alisema hayo kama anaeleza bei ya uzi. "Wewe ulikuwa unalia. Watoto wenzako wana mababu, wewe huna. Nikakuonyesha huyo, ukanyamaza. Sasa mtoto akinyamaza, unamwamsha tena kwa nini?"

"Na babu wa kweli?"

"Baba yangu alikuwa mpishi wa melini. Homa ilimshika, wakamshusha hapa wakamwacha gatini na sufuria yake moja. Hakupiga picha hata siku moja." Akanyoosha mkono, akapapasa, akashika sikio la kulia la mwanawe, lile lililokunjika juu, ambalo Mama Pindo huchomekea chaki akipima watu. "Hili ni lake. Nilidhani nilikwambia."

Hakuwahi kumwambia. Mama Pindo alibaki ameshika sikio lake kama mtu aliyeumwa na nyuki. Alikuwa analia na anacheka, na hasira ilikuwa inampanda na kushuka, na katikati ya yote hayo kitu kimoja kilimkaa wazi: harusi ipo. Kumwambia mwoka mikate tu, basi, mambo yamekwisha.

Asubuhi akatoka mbio. Alimsikia mwoka mikate kabla hajafika, maana alikuwa na tabia moja, akikanda unga hupiga mluzi, mluzi fulani wa kupanda na kushuka usio wimbo wowote, na mtaa mzima huamkia huo. Mama Pindo akaingia. Ukutani, juu ya tanuri, palikuwa na alama ya mraba iliyo nyeupe kuliko ukuta mwingine, pale picha ilipokuwa.

"Karibu, mpwa wangu," mwoka mikate akasema, na akacheka kwa aibu kulisema neno hilo. "Niwie radhi, nalijaribu tu mdomoni."

"Nimekuja kukwambia jambo."

"Hata mimi. Sijalala vizuri. Kila asubuhi kabla sijawasha tanuri nilikuwa namwamkia mzee. Shikamoo baba, leo nakanda hiki, leo nakanda kile. Leo nimeamkia ukuta." Akapangusa mikono kwenye aproni, taratibu. "Watoto wananiuma, usidhani hawaniumi. Lakini mimi, tangu mama afariki, sijawahi kuwa na mtu wa damu yangu zaidi ya yule kijana. Sasa nina dada. Nina mpwa. Naona aibu kufurahi, na nafurahi."

Mama Pindo akanunua mkate asiouhitaji, akatoka. Njiani alijitukana matusi yote anayoyajua na mengine akayatunga.

Wakati huo huo kisiwa kilikuwa kimeshapata habari, na loh! Alhamisi rubani wa bandari alikuja na bwana yule yule, kwao wanamwita babu wa ubavuni, yaani ndugu yake babu. Mchana akaja mwenye nyumba za kupangisha na wa kwake, koti, kofia, tabasamu, akidai nafasi ya juu kuliko wote kwa sababu fremu yake haina mkwaruzo. Mwenyekiti hakushtuka hata kidogo. Kila picha ilipoingia, alimwongezea marehemu nyumba. Jamaa mmoja, aliyekuwa anatafuta njia ya kumkwepa mchumba wake siku nyingi, alionekana akipita mlango kwa mlango akiuliza kama kuna aliye na fremu ya ziada. Na Katibu akaagiza bango kubwa la kutundika mlangoni: BABU YETU SOTE.

Ijumaa Mama Pindo akaenda kwa muuza vioo. Mzee mwenyewe alishafariki, duka alirithi mkwewe, siku hizi anauza makava ya simu.

"Fremu za zamani?" yule mwanamke akasema. "Lipo boksi huko nyuma linanijazia nafasi. Lichukue, mama, utanisaidia. Tena lina mwanamume mmoja ananiangalia kila nikienda kufagia."

Akalibeba boksi moja kwa moja mpaka kwenye kamati, huku karatasi zake kuukuu zikipukutika njiani, akawaeleza aliyoyasema Bibi. Katibu hakulifungua. Alisema upokeaji wa vitu vya ufunguzi ulishafungwa, na tena ushuhuda wa bibi asiyeona kuhusu picha asiyoiona hauna uzito. Mama Pindo akamkumbusha kwamba ukuta mzima umejaa maneno ya mabibi. Mwenyekiti akavaa miwani ya kutishia.

"Mama Pindo, mgeni rasmi ameshakubali. Bango limeshachapwa. Wewe mwenyewe uko katikati ya ukuta. Unataka kuwa wapi tena? Nyuma ya mlango?"

Hilo lilimgusa, tusidanganyane. Alikuwa ameonja katikati ya ukuta na ni patamu. Usiende mbali, hata mwenye nyumba za kupangisha alikuwa sasa anamwita dada. Akisema kweli, arudi kuwa mjukuu wa mpishi aliyesahauliwa gatini na sufuria yake. Akinyamaza, binti yake anampoteza mume kwa sababu ya mtu wa kuonyesha picha inakaaje. Alisimama pale na boksi. Kisha akalisukuma chini ya meza kuu, nyuma ya kitambaa alichokishona yeye mwenyewe, na pindo lake likafika chini sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyeliona.

Jumamosi ghala lilijaa mpaka barafu yenyewe ingetoka jasho. Mgeni rasmi alikaa mbele akipambana na usingizi. Bibi aliletwa kwenye kiti chake, akawekwa pembeni. Binti na fundi friji walikaa safu moja, na kati yao waliacha viti vitatu vya heshima, kama mjomba na mpwa. Mwenyekiti akasema, akasema, akasema. Akataja asili, akataja mizizi, akataja mizani. Mwishowe akamwita mwoka mikate na Mama Pindo wakumbatiane mbele ya watu kama ndugu, watangaze kwamba uchumba umevunjwa, na mpiga picha asogee.

Mwoka mikate akaja amevaa suti inayombana mabega. Akafungua mikono.

"Nisamehe," Mama Pindo akamwambia kwa sauti ya chini. "Nilikuja kukwambia Jumatano, ulimi ukanishinda."

Akainama chini ya meza. Akatoa fremu moja, akachana karatasi, akamsimamisha bwana yule juu ya kitambaa. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Watu wakaanza kunong'ona. Yeye anachana tu karatasi na kupanga, anachana na kupanga, mpaka meza ikajaa makoti na kofia kutoka mwisho hadi mwisho, wote wanatabasamu, wote wamelipwa.

Mgeni rasmi aliamka. "Ala! Kwani huyu bwana alikuwa na nyumba ngapi?"

"Hakuwa na nyumba, mheshimiwa," akasema Mama Pindo. "Alikuja na fremu. Waliomtia humo walitaka tuone picha inakaaje. Mama yangu hakuwa na picha ya kutia, akamwacha. Na si mama yangu peke yake."

Hapo pakawa hapatoshi. Katibu akapiga kelele kwamba vitu vimeshikwa bila glovu. Rubani wa bandari alitaka kujua nani anamwita mama yake mwongo. Mwenye nyumba za kupangisha akapanda juu ya kiti kabisa: wa kwao ndiye mwenyewe, hao wengine ni nakala, babu yao alikuwa mashuhuri ng'ambo huko mpaka wakaona wamtie kwenye fremu! Na wapo waliompigia makofi.

"Na babu yako wewe ni nani basi?" mtu akamrushia Mama Pindo kutoka nyuma.

"Mpishi wa meli. Aliugua, wakamtupa gatini."

"Kumbe wa kuja!"

"Wa kuja," Mama Pindo akasema. "Tena alilowa mpaka magotini. Sikio lake ni hili hapa, asiye na haraka aje alitazame."

Binti alikuwa amesimama. "Kwa hiyo si mjomba?"

"Azimio haliwezi kutenguliwa mpaka kikao kijacho," akasema Mwenyekiti, lakini fundi friji alishavuka vile viti vitatu, na viwili kati yake vikaanguka, na kelele zikageuka vicheko.

Mwoka mikate peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amechukua fremu moja mezani, akailinganisha na ya kwake ya ukutani, akaichukua nyingine, kama mtu anayetafuta mkate wake kati ya mikate aliyooka. Kisha akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, suti imempanda mabegani.

"Maisha yangu yote namwamkia," akasema. Hakumwambia mtu yeyote. "Nimemweleza mambo yangu yote. Nilipooa. Mke wangu alipofariki. Yote."

Akaanza kulia kwa ile sauti yake ndogo. Mama Pindo alitamani ardhi ipasuke imfiche. Alikuwa ameokoa harusi ya mwanawe, na amemzika baba wa mtu mbele ya halaiki, na hakujua aweke wapi mikono.

"Nani huyo analia?" akauliza Bibi kutoka kwenye kiti chake.

"Mwoka mikate, mama."

"Si yule anayetuamsha na mluzi?"

"Ndiye."

"Sasa analilia nini? Baba yake mimi namjua." Bibi akageuza uso upande ule ambako hakuna mtu. "Alikuwa kuli pale gatini. Jitu kubwa, sauti ndogo. Ukimkosa kwa macho ulimsikia, alikuwa anabeba mizigo anapiga mluzi, unapanda unashuka, wimbo haujulikani. Alipoondoka gati lilikuwa kimya mpaka tukaudhika. Halafu miaka ikapita, asubuhi moja nasikia unatoka kwa mwoka mikate. Nikasema, huyu mtoto amemchukua baba yake mzima mzima. Mwanangu, mluzi huo nani alikufundisha?"

Mwoka mikate akamgeukia Bibi. "Hakuna," akasema. "Nilijikuta naujua."

"Basi," Bibi akasema, na akauliza kama chai ipo.

Siku zilizofuata Mwenyekiti alimweleza kila aliyekutana naye kwamba yeye alishuku tangu mwanzo na alikuwa anausubiri ushahidi ujitokeze wenyewe. Bango liligeuzwa nyuma mbele, likafaa kwa tangazo la mnada wa viti. Lakini waliomtembelea Mwenyekiti nyumbani wanasema sebuleni kwake pana mraba mweupe ukutani ambao zamani haukuwepo. Mwenye nyumba za kupangisha hajamtoa wa kwake mpaka leo, na usijaribu kumuuliza.

Mikono ya gauni ikashonwa. Ila mtaa ulikuwa unaamka kwa shida, kwa sababu mwoka mikate alikuwa anakanda unga kimya. Mikate ilikuwa ile ile, lakini watu walichelewa kazini. Mama Pindo alipita pale kila siku, akanunua asichokihitaji, akasalimu, akaitikiwa kwa adabu, basi.

Siku moja kabla ya harusi mwoka mikate alikuja mwenyewe kibandani, fremu kwapani, ndani ya ule ule mfuko wa unga.

"Mkwe," akasema. Hakusema mpwa. "Watoto wakishapiga picha yao kesho, waitie humu. Fremu ni nzuri bado."

Mama Pindo akaipokea, akaanza kufungua misumari ya nyuma amtoe yule bwana.

"Usimtoe," mwoka mikate akamzuia. "Watoto wakae mbele, yeye abaki nyuma yao. Mama alipokosa wa kumtia, alisimama yeye. Hakuombwa, na hakuwahi kunichoka. Namfukuzaje?"

Mama Pindo akairudisha misumari, mmoja mmoja, kwa kidole gumba. Akamshika mkono, na unga ukambaki viganjani.

Asubuhi ya harusi alikuwa anamvalisha binti, pini mdomoni, pindo la mwisho halijakaa sawa. Nje kulikuwa kimya. Halafu, kutoka upande wa tanuri, ukaanza mluzi, kwanza kwa kusitasita, kisha ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Bibi pale dirishani aliacha vifungo vyake, akanyoosha shingo.

"Hebu nyamazeni," akasema. "Kuli anapita."